Wimbo gani umekufanya ukitamani kifaa ulichonacho akilini?

Nyuzi Sita

Ndugu wapenzi wa muziki, nawasalimu nyote. Nina swali lenye sehemu tatu, na ningependa atakayejibu aziunganishe badala ya kuzijibu mojamoja. Ni wimbo gani unaoupenda kiasi cha kuusikiliza chombo kwa chombo? Ni mwanamuziki gani aliyeathiri namna unavyopiga, unavyoimba au unavyosikiliza? Na ni kifaa gani unachokitamani kwa sababu ya wimbo huo au mwanamuziki huyo? Nimeuliza hivi kwa kuwa orodha za vifaa vya kutamani zimejaa kila mahali, lakini ni nadra kumkuta mtu akieleza kwanza sauti anayoitafuta, ndipo ataje chombo kitakachompatia.

Mimi ni mpiga gitaa, na wimbo wangu ni "Mario" wa Franco na bendi yake ya Kongo, TPOK Jazz, wa mwaka 1985. Wengi wanaupenda kwa kisa chake cha kijana anayetunzwa na mwanamke aliyemzidi umri, na kwa kweli Franco alikuwa msimulizi hodari. Lakini kinachonifanya niurudie ni jinsi magitaa ya bendi ile yalivyogawana kazi. Ridhimu inashika mwendo; mi-solo, yaani gitaa linalosimama katikati ya ridhimu na solo, linazungusha kifungu kilekile kwa uvumilivu bila kutaka kusikika kuliko wenzake; solo nayo inawajibu waimbaji, kisha inachukua uongozi inapoanza sebene, yaani ile sehemu ya wimbo inayoachiwa magitaa. Ukipiga sehemu moja peke yake unaweza kuiona nyepesi mno. Ukizikutanisha zote ndipo unapotambua kwamba kila noti imewekwa mahali ambapo gitaa jingine limenyamaza.

Aliyeniathiri ni Franco huyohuyo, ambaye alikuwa na bendi hiyo tangu ilipoanzishwa mwaka 1956 hadi alipofariki mwaka 1989. Alizoea kuvuta nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, mara nyingi nyuzi mbili kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo solo yake ilipopata unene. Katika kujifunza namna hiyo nimegundua kwamba vidole vikipiga karibu na shingo ya gitaa mlio hujaa na kutulia, na vikisogea kuelekea kwenye daraja mlio huwa mwembamba na mkali, bila mtu kugusa kitufe chochote.

Ninachotamani sasa ni kikuza sauti cha vali, yaani kinachotumia mirija ya kioo badala ya transista, kwa sababu nataka mlio safi unaobaki safi hata ninapopandisha sauti ili kufuatana na ngoma. Naomba maoni yenu juu ya jambo hilo pia: mtu mwenye gitaa la wastani aanze na kikuza sauti, au abadilishe gitaa kwanza?

Besi ya Usiku

Ndugu Nyuzi Sita, aanze na kikuza sauti, bila shaka yoyote. Gitaa la wastani lililosawazishwa vizuri, lenye nyuzi mpya na daraja lililorekebishwa, litatoa mlio mzuri kwenye kikuza sauti bora, lakini gitaa bora kabisa haliwezi kuiokoa spika mbovu.

Ninapotofautiana nawe ni katika kuchagua vali. Sifa kubwa ya vali ni namna inavyoelemewa. Umeme unaotoka kwenye gitaa ukiizidi nguvu, vilele vya mawimbi hukatwa polepole badala ya kukatwa ghafla, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti za ziada ambazo sikio huzipokea kwa pamoja kama uzito na joto. Mpiga bluzi au roki anaitafuta hali hiyo kwa makusudi. Wewe umesema unatafuta kinyume chake. Katika sebene noti ni fupi na zinafuatana kwa kasi, na kila moja inapaswa kuanza na kuisha waziwazi. Kwa hiyo unachohitaji ni akiba kubwa ya nguvu, ambayo kwa transista hupatikana kwa urahisi zaidi. Kitafute Roland JC-120 ukakisikilize. Kilianza kuuzwa mwaka 1975, kina wati 120 na spika mbili za inchi 12, na korasi yake ya ndani hufanya kazi kwa namna ya pekee: spika moja hutoa sauti kavu, nyingine hutoa nakala yake iliyocheleweshwa kidogo na kuyumbishwa, na mchanganyiko wenyewe hutokea hewani, kati ya kikuza sauti na msikilizaji. Ni kizito kubeba, na ukikiungurumisha kwa makusudi hakipendezi, lakini kwa usafi wa mlio sijasikia chenye kukizidi.

Sasa nijibu swali lako. Wimbo wangu ni "What's Going On" wa Marvin Gaye, wa mwaka 1971, na aliyeniathiri ni James Jamerson, mpiga besi wake. Kwa miaka mingi wanamuziki wa studio ya Motown, kampuni iliyomrekodi Marvin, hawakuandikwa majina kwenye majalada ya santuri, hata watu wakawa wanaipenda besi yake pasipo kumjua mwenyewe. Kwenye jalada la albamu ile hatimaye jina lake liliandikwa. Jamerson alivuta nyuzi kwa kidole kimoja tu, cha shahada, kwenye Fender Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi laini, zile zilizozungushiwa utepe bapa badala ya waya wa mviringo, na alizoea kukaa nazo muda mrefu bila kuzibadilisha. Nyuzi za namna hiyo hazilii kama kengele. Noti inatoka nzito, inasema neno lake na kuondoka, ikimwachia mpiga ngoma nafasi. Jambo la pili ni kwamba besi yake iliingizwa moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia bila kupitia maikrofoni na spika, na ndiyo maana unaisikia karibu hivyo.

Kwa upande wa Afrika Mashariki namweka juu Tom Malanga wa Les Wanyika. Katika "Sina Makosa" besi haiko pale kuhesabu mapigo tu. Ina wimbo wake kamili, ambao mtu anaweza kuuimba kwa mdomo magitaa yote yakiwa yamezimwa.

Kwa hiyo kifaa ninachokitamani ni Precision ya muundo wa zamani, lakini nyuzi bapa nimeshaziweka kwenye besi niliyonayo, na nakiri wazi kwamba zimenisogeza karibu na sauti ile kuliko nilivyotarajia. Pamoja na hayo, mpiga besi yeyote anayetamani spika mpya ningemwomba akichunguze chumba chake kwanza. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Vyumba vingi ni vifupi kuliko wimbi hilo. Likigonga ukuta hurudi likakutana na lenyewe, sehemu nyingine likajumlika na nyingine likajifuta. Mwambie mwenzako apige noti moja ya chini na kuirudia kwa nguvu ileile, nawe tembea taratibu kutoka pembeni hadi katikati ya chumba: utasikia besi ikinguruma kwenye kona na kufifia ukifika katikati, ilhali hakuna aliyegusa chochote. Kusogeza kikuza sauti hatua moja kunaweza kukupa kile ulichodhani kinahitaji kununuliwa.

Santuri Mbili

Nimefurahi kwamba swali limewataja pia wanaosikiliza, maana mimi sipigi chombo chochote. Kazi yangu ni kukaa mbele ya spika na kusikiliza kwa bidii, na naamini hiyo nayo ni sehemu ya muziki inayohitaji mafunzo na vifaa vyake.

Wimbo wangu ni "So What" wa mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, unaofungua albamu ya *Kind of Blue* ya mwaka 1959. Piano ya Bill Evans na besi ya Paul Chambers huanza polepole, kana kwamba bado wanatafuta mahali pa kusimama, kisha besi inachukua wimbo wenyewe na ala nyingine zinaijibu kwa kodi mbili, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Ndugu Besi ya Usiku atanielewa: huu ni wimbo maarufu ambao kiongozi wake wa mwanzo ni besi. Muundo wake ni mwepesi sana kueleza. Una vipimo 32, kila kimoja cha mapigo manne. Vya kwanza 16 vimekaa kwenye ngazi moja inayoanzia D, vinane vinapanda nusu toni, na vinane vya mwisho vinarudi chini. Urahisi huo ndio uliowapa wapigaji uhuru, kwa kuwa hawakulazimika kukimbizana na kodi zinazobadilika kila baada ya mapigo mawili.

Miles ameniathiri kwa kunifundisha kusikiliza ukimya. Ana kawaida ya kuacha noti ikaisha kabisa kabla ya kutoa nyingine, na msikilizaji anayeharakisha atadhani hakuna kilichotokea hapo katikati, ilhali ndipo ngoma ya Jimmy Cobb na besi vinaposikika vizuri zaidi.

Kifaa ninachokitamani ni meza ya santuri inayozungushwa na mota moja kwa moja na yenye kirekebishi cha kasi, mfano wa Technics SL-1200 ya toleo la MK2, lililotoka mwaka 1979, ambalo kasi yake inaweza kupandishwa au kushushwa kwa asilimia 8. Watu hudhani kifaa hicho ni cha ma-DJ peke yao. Mimi nakitaka kwa sababu ya *Kind of Blue* hiyohiyo. Albamu ilirekodiwa kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili 1959, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30 jijini New York. Katika siku ile ya kwanza mashine ya tepu iliyotumika kwa nakala kuu ilikuwa ikienda polepole kuliko inavyotakiwa. Tepu iliyorekodiwa polepole ikichezwa kwa kasi sahihi, muziki hupanda. Kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zilisikika juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya toleo la mwaka 1992 kutumia tepu ya akiba, iliyokuwa kwenye mashine nzima, na kurudisha sauti mahali pake. Vizazi vya wapiga tarumbeta vimejifunza solo ile vikifuatana na santuri isiyolingana na chombo kilichosawazishwa. Mwenye kirekebishi cha kasi anaweza kuishusha santuri ya zamani hadi ilingane, naye akaisikia kama ilivyosikika ndani ya chumba kile.

Niongeze jambo moja kwa ajili ya wapenzi wa sebene. Santuri za mizunguko 45 kwa dakika zina nafasi ndogo, kwa hiyo nyimbo nyingi za bendi zetu zilikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa nyuma. Aghalabu hadithi na beti zilikaa upande wa kwanza, na magitaa yakaachiliwa upande wa pili. Ukizipata santuri hizo, usiishie upande wa kwanza.

Bint Qanuni

Nawashukuru nyote, hasa Dada Santuri Mbili kwa habari ya tepu ile. Tofauti ndogo ya sauti ndiyo hasa ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu katika muziki ninaoupenda tofauti hiyo huwekwa kwa makusudi.

Mimi ni mtu wa taarab, na mizizi ya taarab hunivuta mpaka Misri. Wimbo wangu ni "Enta Omri" ulioimbwa na Umm Kulthum mwaka 1964, muziki wake ukiwa umetungwa na Mohammed Abdel Wahab. Ala zinaanza peke yazo kwa muda mrefu kabla hajafungua kinywa, na miongoni mwa ala hizo kuna gitaa la umeme, jambo lililowashangaza wengi wakati ule. Nimejiuliza mara nyingi gitaa liliwezaje kukaa ndani ya okestra ya namna ile bila kuharibu chochote. Vitenga-noti vya gitaa, yaani vile vyuma vinavyokatiza shingo yake, vimewekwa kwa nusu toni. Hauwezi kupata robo toni isipokuwa kwa kuuvuta uzi. Jibu liko kwenye maqamu yenyewe, yaani ngazi ya noti: wimbo umejengwa juu ya Kurd, ambayo noti zake zote hupatikana kwenye vitenga-noti vya kawaida. Kama ungekuwa umejengwa juu ya Rast, ambayo noti yake ya tatu hukaa katikati ya ile kubwa na ile ndogo, gitaa lingekosa pa kushika. Abdel Wahab alijua anachofanya.

Aliyeniathiri zaidi, hata hivyo, ni Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 na kurekodi kwa Kiswahili. Rekodi za zama zile zina mkwaruzo, na santuri ya mizunguko 78 haikubeba zaidi ya dakika tatu na kitu kila upande, lakini sauti yake inapita katikati ya mkwaruzo huo na maneno yanasikika. Namna anavyoishusha noti ya mwisho wa mstari, akiikaribia kwa chini na kuifikia taratibu, ndiyo ninayoifanyia mazoezi kila ninapoimba.

Sasa hivi napiga kinanda cha umeme. Kinanda changu kinaniruhusu kushusha baadhi ya noti kwa robo toni, nacho nimekitumia kwa shukrani, lakini ukishashusha noti imeshuka kila unapoigusa, kupanda na kushuka, ilhali mpigaji wa udi, ambao shingo yake haina vitenga-noti, huisogeza kidogo kulingana na mahali wimbo unapoelekea. Ninachotamani ni qanuni. Ina nyuzi 78 hivi, zimepangwa tatu tatu kwa kila noti, na ubavuni mwa kila kundi kuna vyuma vidogo vinavyoinuliwa na kulazwa kwa mkono wa kushoto ili kuufupisha uzi kidogo tu. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole viwili vya shahada, na ndani ya pete hizo huchomeka vipande vyembamba vya kupigia. Ukimtazama kwa karibu utaona mkono wa kushoto ukiacha kupiga kwa kitambo kifupi, ukainua vyuma viwili vitatu, ukarudi kwenye nyuzi kabla kifungu hakijaisha. Nyuzi tatu zinazopigwa pamoja kamwe hazilingani kwa ukamilifu, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoipa qanuni mng'ao wake. Ndugu Besi ya Usiku ameeleza korasi ya Roland. Basi qanuni ina korasi yake bila umeme.

Mapigo Kumi na Sita

Nimesoma michango yote kwa heshima, nami nataka kulipinga kidogo wazo lililo ndani ya swali, kwamba sauti hutangulia na kifaa hufuata. Mara nyingine kifaa hutangulia, na sauti ambayo hakuna aliyeitamani hutoka humo.

Ndugu Besi ya Usiku amemtaja Marvin Gaye wa mwaka 1971. Mimi namtaja wa mwaka 1982, katika "Sexual Healing", ambamo mapigo yanatoka kwenye mashine ya Roland TR-808. Mashine hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1980 na utengenezaji wake ukasimamishwa mwaka 1983. Haikuwa na rekodi ya ngoma halisi ndani yake. Kila sauti iliundwa na saketi za umeme. Mashine zilizoshindana nayo, kama Linn LM-1, zilitumia sauti za ngoma zilizorekodiwa, na waliotaka mpiga ngoma ndani ya sanduku waliona 808 haifanani na ngoma kabisa. Walikuwa sahihi. Lakini besidram yake, yaani ngoma kubwa ya chini, ni wimbi laini linaloanza kwa kishindo na kufifia polepole, na ukikizungusha kitufe cha kurefusha mlio, inaendelea kutetema hadi inakuwa noti. Kutoka hapo vijana wa hip hop na muziki wa kielektroniki walipata ngoma ambayo ni besi kwa wakati uleule, kitu ambacho hakikuwako kwenye wimbo wowote waliowahi kuusikia. "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa, ya mwaka huohuo wa 1982, ni ushahidi mwingine.

Kwa hiyo aliyeniathiri, kama niruhusiwe kusema hivyo, ni mashine yenyewe: ule mstari wa vitufe 16 kwa rangi nne, vinne vyekundu, vinne vya machungwa, vinne vya njano na vinne vyeupe. Unabonyeza kitufe pale unapotaka pigo, taa inawaka, na mapigo yanazunguka mbele ya macho yako. Mtu asiyejua kusoma noti hata moja anaona kipimo kizima kimelala mezani, naye anaelewa upesi kwa nini kuliondoa pigo moja kunaweza kuusogeza wimbo mbele kuliko kuliongeza. Sitamani 808 ya mwaka 1980, kwa maana saketi za umri huo zinahitaji fundi wa karibu. TR-08, ambayo Roland waliitoa mwaka 2017 kwa umbo dogo, inanitosha, mradi vitufe ni vya kushikika. Kompyuta inanipa sauti hizohizo, lakini kwa kipanya naweka pigo mojamoja, na mikono miwili juu ya vitufe hufanya kazi kwa mwendo wa wimbo wenyewe.

Nyuzi Sita

Nawashukuru sana. Ndugu Mapigo Kumi na Sita, pingamizi lako nimelikubali kwa upande wa mashine yako, ila naona hata wewe umefika kwenye sauti fulani kabla ya kutaja TR-08. Ungekuwa hupendi besidram ile ndefu, vitufe vya rangi visingekutosha kuitamani.

Ndugu Besi ya Usiku, nimefanya jaribio la chumba. Kikuza sauti changu nilikuwa nimekiweka konani, na ridhimu ilikuwa ikitoka na mngurumo ambao nimekuwa nikiulaumu kwenye spika. Nimekisogeza mbele na kukiinua kutoka sakafuni, na noti za chini zimetulia. Sasa naweza kusikia kidole gumba kikigusa uzi. Kikuza sauti cha vali nimekiondoa kichwani mwangu kwa sasa, nami nitatafuta nafasi ya kuisikiliza JC-120 kwa gitaa langu mwenyewe, korasi ikiwa imezimwa kwanza, ili nijue usafi wake ni wa kikuza sauti au ni wa korasi.

Dada Bint Qanuni, yale uliyoyasema juu ya Siti na noti inayofikiwa kwa chini nitayajaribu kwa kuteleza kidole kwenye uzi wa pili na wa tatu kwa pamoja. Nina swali moja lililobaki, nalo ni kwa Dada Santuri Mbili: nina nakala ya *Kind of Blue* isiyoonyesha ni ya toleo gani. Nitajuaje kama ni ile iliyopanda au iliyosahihishwa?

Santuri Mbili

Unaweza kujua kwa gitaa lako, Ndugu Nyuzi Sita. Lisawazishe kwa kifaa cha kusawazishia, A ikiwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, kisha anza na upande wa pili, si wa kwanza. "All Blues" na "Flamenco Sketches" zilirekodiwa ile siku ya Aprili ambayo mashine ilikuwa sawa, kwa hiyo hizo ndizo kipimo chako. "All Blues" imekaa kwenye G. Piga G pamoja na besi, na kama meza yako ya santuri inazunguka kwa kasi sahihi mtalingana. Kama hamlingani hapo, tatizo ni la meza yako, na inapaswa kurekebishwa kabla ya kuendelea.

Baada ya hapo rudi upande wa kwanza uicheze "So What". Subiri besi iingie na wimbo, piga D yako na uiachie ilie. Ikilingana kama ilivyolingana G, una toleo lililosahihishwa. Ikiwa santuri iko juu ya gitaa kwa kiasi kidogo tu, kisichofikia nusu toni, kiasi cha kusikia sauti mbili zikitetemeshana badala ya kutulia, basi una ile ya zamani. "Freddie Freeloader" na "Blue in Green" zitakuonyesha hivyohivyo, maana ni za siku ileile. Usiitupe wala kuibadilisha kwa sababu hiyo. Ikiwa unataka kupiga nayo, pandisha nyuzi zako zote kidogo mpaka mtetemo huo ukome, na ukimaliza upande wa kwanza zirudishe chini kabla hujageuza santuri.